Shamba la Muni Juu ya Fedha

Muni alilijua jiwe lile tangu utotoni. Lilikuwa jeusi, limechomoza mteremkoni juu ya pango walimoishi jamaa zake, na mvua ikilinyeshea michirizi yake iling'aa. Siku habari zilipofika kwamba wandevu, wale wageni waliokamata watu kwa kazi ya migodini, wanapanda korongo wakitafuta madini ya fedha, shemeji yake Basachi alikuja mbio, uso umemchangamka.

"Shemeji, wanatoa shoka la chuma kwa atakayewaonyesha jiwe kama lile lako!"

"Na ndugu yako waliyempeleka mgodini, walimpa nini?"

Basachi akainamisha kichwa. Mume wa Muni alirudi kutoka mgodini akikohoa damu, akafa kabla mahindi hayajakomaa.

"Mimi nasema shoka tu," akanong'ona.

"Hujalishika, tayari limekukata akili."

Basachi akacheka bila kupenda, akaenda zake.

Muni akapika pombe ya mahindi, akawaita majirani kazini. Walibeba mawe, wakajenga ukuta kukatiza mteremko, wakamwaga udongo nyuma yake mpaka jiwe likafunikwa lote. Basachi alichelewa kufika, akachagua mawe mazito, akafanya kazi kimya mpaka jua likazama. Mvua za kwanza ziliponyesha, Muni alipanda mahindi na maharage.

Wandevu walifika mahindi yakiwa usawa wa magoti. Mkubwa wao alishuka kwenye nyumbu katikati ya shamba, akaweka shoka chini. Mkalimani wake, mtu wa bondeni aliyenyolewa nywele, akauliza, "Jamani, jiwe linalong'aa liko wapi huku?"

Majirani walijikuta wanamtazama Basachi.

Basachi akaokota shoka, akapapasa makali yake kwa kidole gumba, taratibu.

"Zuri," akasema. "Ila huku tunalima tu, ndugu yangu. Nenda ng'ambo ya korongo la pili, nasikia huko kuna mawe ya kila aina."

Akalirudisha. Wakaondoka, nyumbu wakikanyaga mahindi.

Ng'ambo walichimba hadi baridi ilipoanza, wakaambulia mawe matupu, wakashuka. Miaka iliyofuata wandevu waliendelea kukamata watu katika makorongo mengine, na jamaa kadhaa walihamia juu zaidi. Muni alibaki. Udongo ulikuwa mwembamba na mahindi yalitoka madogo, lakini alipalilia kila msimu.

Siku moja, wakipukuchua mahindi, alimuuliza Basachi, "Lile shoka ulilitamani kweli?"

"Mpaka leo, shemeji," akasema Basachi, akamsogezea kapu.