Sifuri za Mama Yasser

Wiki ya tano Evarista alianza kumchukia Mama Yasser kwa sababu alikuwa anapona.

Si jambo la kujivunia, na mwenyewe asingelisema mbele za watu. Lakini utafiti ule ndio ulikuwa shahada yake ya uzamili ya ushauri nasaha, na aliupanga kwa makini. Wanawake arobaini, wafanyabiashara wa Kariakoo, wote wamefiwa na mume au mtoto ndani ya mwaka, waliokota vikaratasi kwenye kikapu. Ishirini wakaanza ushauri papo hapo, ishirini wakaambiwa wasubiri wiki nane. Kila Jumanne wote walipanda ngazi hadi chumba alichoazimwa juu ya duka la vitenge, wakaulizwa maswali yaleyale tisa, kuhusu usingizi, chakula, kukata tamaa. Kwa kila swali, asiye na shida aliandikiwa sifuri, aliyezidiwa tatu. Atakayefikisha jumla ya kumi na tano angehudumiwa siku hiyohiyo, zamu yake iwe imefika au haijafika.

Kama ushauri unasaidia, wanaosubiri walitakiwa kubaki nyuma. Mama Yasser alikuwa anasubiri. Jina lake Rahaf, muuza madera aliyempoteza mwanawe wa pekee kwa homa, mtoto wa miaka kumi na mmoja, na mtaa mzima uliendelea kumwita kwa jina la marehemu. Jumla zake za wiki tano zilikuwa tano, nne, mbili, mbili, moja. Wenzake nao walikuwa wanamfuata hukohuko chini.

"Wananiharibia, Daktari," Evarista alimlalamikia msimamizi wake, Daktari Nasreen, nyumbani kwake Upanga. "Wanapona bure!"

"Huenda ushauri wako hauna kitu," alisema Daktari Nasreen bila kuinua macho. "Hilo nalo ni jibu."

Jibu gani hilo! Evarista alirudi amenuna njia nzima.

Jumanne ya sita Mama Yasser hakutokea. Evarista akateremka kumfuata dukani kwake, akiwapisha wapagazi na mikokoteni yao, akamkuta Hamdiya, wifi yake, anakunja madera.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi?"

"Nzuri. Mama Yasser hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi." Hamdiya akalaza dera juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja. "Ila hatii kitu mdomoni. Leo siku ya nne, maji tu. Ikifika saa nane anaacha duka, anaenda kusimama getini kwenye shule ya Yasser mpaka watoto waishe. Jana mlinzi kanipigia simu nikamchukue, na leo yuko nyumbani, hajatoka."

Kitu cha kwanza kilichomjia Evarista kilikuwa furaha. Hajapona! Utafiti umesalimika! Ilidumu kufumba na kufumbua, kisha aibu ikampanda mpaka masikioni, akashika ukingo wa meza.

Hapo akakumbuka wiki ya tatu. Alikuwa ameuliza, "Unalalaje?"

"Salama tu, mwanangu. Ila..."

"Na chakula?" alidakia, maana mwongozo ulisema watu wote waulizwe sawasawa, bila neno la nje ya fomu. Mwongozo wenyewe aliuandika yeye. Mtoto wa Masasi, aliyekulia nyumba ambayo hata msiba ukiwa ndani mgeni hujibiwa kwanza "nzuri", ndipo aambiwe babu hatunaye! Alichukua lile neno la kwanza, la heshima, akaliandikia namba, na la pili akaliruka. Wanawake arobaini, wiki tano, fomu mia mbili, na zote zilikuwa salamu.

Njiani kuelekea kwa Mama Yasser alimpigia Daktari Nasreen.

"Fomu zote hazifai. Na Mama Yasser namtoa kwenye kusubiri, leo hii."

"Utarudia mwaka mzima, unalijua hilo?"

"Nalijua."

Mama Yasser alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Kwa siku nne alikuwa amepukutika. Evarista alipika uji, akakaa naye chini, bila kalamu.

"Umelalaje, mama?"

"Salama tu, mwanangu."

Safari hii Evarista hakurukia swali la chakula, alimsogezea bakuli la uji.

"Ila?" aliuliza.

"Ila nikifumba macho nasikia viatu vyake kwenye ngazi," Mama Yasser alisema, na baada ya hapo alisema mpaka adhana ya alasiri ikapita. Alilia. Alikubali kwamba kesho wataenda pamoja hospitalini, na kwamba usiku huu Hamdiya atalala naye. Mwishowe akanywa uji, vijiko vitano, Evarista akihesabu kimoyomoyo.

"Na zile karatasi zako zinaendaje?" Mama Yasser aliuliza, akijifuta midomo kwa ncha ya mtandio. "Nimekuombea sana. Kila Jumanne nilikuwa najikaza nikujibu vizuri, ili ufaulu."

Evarista alimpokea kijiko. "Nzuri, mama."

Mama Yasser alimtazama, akasubiri. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa na huruma.

"Ila?"

Evarista aliiona tena ile meza ya madera, na ile furaha.

"Hakuna ila," alisema, akachukua bakuli, akaenda kuliosha.