Shuka la Hemi

Habari za nyangumi kukwama zilipofika, Ngaire alifanya kama alivyofanya miaka yote ya ndoa yake: alikumba mashuka yaliyokuwa kabatini, akayatupa garini, akashika njia ya ufukweni. Pale ghubani kila nyumba ina mashuka ya aina mbili, ya kulalia na ya nyangumi, na ole wake anayeyachanganya.

Naye siku hiyo aliyachanganya. Alipoyafungua mchangani aliliona lile la buluu, alilolilalia marehemu mumewe, Hemi, usiku wake wa mwisho. Hakuwahi kulifua. Kila jioni alilitoa, akalinusa, akalirudisha. Sasa akalisokomeza upesi ndani ya sweta alilovaa.

Wenzake walikuwa wakifunika nyangumi na kuwamwagia maji ndoo kwa ndoo, kama Hemi alivyowafundisha. Enzi zake kazi hii ilikuwa nusu sherehe: yeye akiimba kwa sauti yake mbaya, wanawake wakimcheka, chai ikipita mkono kwa mkono. Zilikuwa siku tamu zile, na Ngaire alizililia waziwazi huku akichota maji.

Mashuka yakaisha. Ndama mmoja alibaki wazi juani, ngozi imeanza kubabuka. Hinewai, dada yake Hemi, akamtazama Ngaire tumboni.

"Wifi, hiyo mimba ya nani, na kaka yangu yuko kaburini?"

"Niache, Hinewai. Ndiyo harufu yake iliyobaki."

"Najua. Ila kaka yangu unamjua. Angekuvua hilo sweta mwenyewe."

Ndama alitoa mluzi mwembamba, na mama yake akaitikia kutoka upande wa pili. Ngaire akalitoa shuka, akalinusa kwa mara ya mwisho, akalichovya baharini na kumfunika.

Maji yalipojaa waliwashikilia wote wakielea, kwa maana anayeachiwa peke yake huwarudia wenzake wanaolia. Kwa hilo Hemi alikuwa mkali. Alipoelea wa mwisho, wakawaachia kwa pamoja. Ngaire alivuta shuka, na ndama akaenda ubavuni mwa mama yake.

Nyumbani alilianika uani, akakaa mbele yake kama aliyefiwa upya. Hatimaye akalisogelea. Lilinuka chumvi, tope na shombo ya nyangumi. Ndivyo Hemi alivyonuka kila alipotoka ufukweni, akitaka kumkumbatia mlangoni, naye akimfukuza.

"Kaoge kwanza, Hemi," akasema, akalikumbatia.