Kiwanda Gitega, Kivuli Giteranyi

Imelda wa jirani anashikilia kwamba yeye ndiye aliyekiona kwanza. Anasema asubuhi ile alipita chini ya waya kwenda kuwakatia mbuzi majani katika shamba la Nazario, shamba ambalo kampuni ilikataza watu kuingia ila haikusema lolote kuhusu mbuzi kula. Akiwa ameinama na mundu wake, akahisi ubaridi mgongoni. Akatazama juu kutafuta wingu. Hapakuwa na wingu. Akatazama chini, akaona amesimama katikati ya kivuli cha jengo kubwa, paa lake meno-meno kama msumeno, bomba la moshi pembeni. Jengo lenyewe halikuwapo. Imelda anasema alitoka nje ya kivuli, akakizunguka mpaka penye mlango, akapiga hodi, kisha akaingia kumalizia majani yake. Hakulelewa porini, anasema.

Adventina, binti wa Nazario, hakubishana naye, ingawa yeye alikuwa amekiona kivuli kile siku iliyotangulia, akitoka kuchota maji. Alikuwa mtu wa kutazama kitu mpaka kitulie ndipo akiseme, na wakati kinatulia, Imelda alikuwa ameshakitangaza mpaka sokoni.

Kila mtu pale kilimani alijua ni kivuli cha kiwanda gani. Kampuni ilikuwa imekuja Giteranyi ikisema inataka kusaga unga wa muhogo, na kwa kuwa muhogo uko Giteranyi, kiwanda kitakaa Giteranyi. Mtu wao aliitwa Fredi, kijana wa mjini mwenye viatu safi. Alipima shamba la Nazario kwa kamba, akalisifu kwa kuwa tambarare. Shamba hilo Nazario alilirithi kwa baba yake; alilikuta linalimwa na mtu mwingine siku aliporudi na familia yake kutoka kambini Tanzania, upande wa Ngara, na wazee wakaligawa nusu kwa nusu bila mtu kushika panga. Ile nusu ndiyo mali yote waliyokuwa nayo. Nazario aliitoa kwa kampuni kwa ahadi moja: kiwanda kikifungua milango, Adventina awe wa kwanza kuajiriwa, naye alishe nyumba.

Kampuni ikazungusha waya, ikasimamisha kibao. Halafu ikatazama barabara ya vumbi, ikatazama nguzo za umeme zilizoishia mbali, ikakumbuka kwamba wizara zimehamia Gitega. Kiwanda kikajengwa Gitega, kando ya lami. Waya na kibao vikabaki Giteranyi, na Nazario akawa anaazima vipande vya mashamba ya watu kulima.

Kwa nini kivuli hakikufuata jengo lake, hilo lilielezwa na mzee Kastori, mushingantahe wa kilima kile, ambaye husikiliza mashauri huku akitengeneza baiskeli za watu. Alimwuliza Nazario siku ya kukabidhi shamba walikunywa nini. Nazario akasema impeke, pombe ya mtama, kama desturi inavyotaka, chungu kimoja na mirija miwili, wa mtoaji na wa mpokeaji. Kastori akauliza kama mpokeaji alikunywa. Nazario akasema hapana, yule kijana alisema yuko kwenye dawa, akaweka sahihi karatasini akaondoka. Basi mrija wake ulinywewa na nani? Nazario, aliyekulia kambini ambako kumwaga chakula ni dhambi, akasema aliunywa yeye mwenyewe, pombe isiharibike.

Kastori aliendelea kuzungusha gurudumu lililokuwa mikononi mwake.

"Nyie Watanzania mnajua kusoma karatasi, hamjui kunywa," alisema. "Ulikunywa wa kwako, ukanywa na wa mnunuzi. Shamba umejiuzia mwenyewe. Kiwanda kimefuata karatasi. Kivuli kimefuata chungu."

Watu wakaona ni kweli, na mambo yakaendelea.

Kivuli kile kilikuwa na saa zake. Jua likiwaka Gitega kilikuwapo, hata kama Giteranyi kunanyesha. Mvua ikinyesha Gitega, hakionekani, hata kama Giteranyi ardhi inapasuka kwa ukame. Pale kilipolala, mvua haikugusa. Kupitia madirisha yake mwanga uliingia, na ndani ya mwanga huo vilionekana vivuli vya wafanyakazi vikipishana, kingine kimebeba gunia, kingine kinajikuna. Adventina alivitazama asubuhi nyingi, akitafuta mwendo anaoujua. Hakikuwamo kivuli hata kimoja cha mtu wa Giteranyi.

Aliona pia kwamba kivuli cha moshi hakitoki kila siku. Malori yalikuja kuchukua muhogo wa kilima, yakakwama matopeni, yakavutwa, yakapita Muyinga, yakashuka mpaka Gitega. Muhogo haujui kungoja. Ukishang'olewa, siku ya pili unaanza kupiga mistari myeusi moyoni. Moshi ulitoka siku lori lilipowahi tu. Siku nyingine vivuli vya wafanyakazi vilikaa vimeegemea kuta.

Ni yeye aliyejaribu kwanza kukausha muhogo ndani ya kivuli. Msimu wa mvua wanawake wote walikuwa wanalia na muhogo wao uliokwisha rowekwa na kumenywa, haukauki, unaota ukungu. Adventina alitandaza mkeka wake katika kivuli cha banda la kukaushia la kiwanda, kwa sababu pale palikuwa pakavu. Jioni muhogo ulikuwa umekauka kau, mweupe kama chokaa, bila punje ya vumbi. Kesho yake alikwenda na Imelda. Kisha wakaja wengine. Waliingia pale kivuli cha mlango kilipoangukia waya, maana hapo waya ulikuwa haushiki nguo. Aliyesahau kupiga hodi ulimshika.

Lakini shamba lilibaki shamba la watu wengine. Kivuli kikiondoka, waya unarudi kuwa waya, na hakuna aliyeweza kupanda hata mche wa maharage humo ndani. Nazario alikuwa anakaa kwenye ukingo akitazama udongo wake, akisema unapumzika kama mtu mgonjwa, si kama mtu aliyechoka.

Unga ule mweupe ukamleta Ketsia, mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kusini, aliyekuwa anauza vyakula Gitega sokoni. Alichota kiganja kimoja, akanusa, akalamba.

"Dada, mi naitafutaka hii unga tangu zamani," alimwambia Adventina. "Kule kiwanda yao iko na jua mingi, we! Hakuna kivuli hata ya kuku. Mlinzi anashinda chini ya mwavuli kama bibi harusi."

Adventina akamwuliza kama Fredi bado yuko pale kiwandani.

"Iko. Sasa ni mukubwa. Tumbo nayo ikapanda cheo."

Adventina hakucheka hapohapo. Alicheka baadaye, akifunga mikeka. Alikwisha amua kwenda Gitega. Alipika impeke kwa mtama wa mama yake, akaichuja, akaimimina katika kibuyu, akakata mrija mpya. Kastori akakijaribu kibuyu kama kinavuja, akasema safari hii mtu wa kunywa asiachiwe kuondoka kwa kisingizio cha dawa. Nazario alimfunga binti yake kilemba kwa mkono wake, akakaza fundo kisogoni, kama alivyomfunga siku waliyovuka mpaka kurudi.

Alikwenda na Ketsia juu ya magunia ya unga, katika lori lililokuwa linarudi Gitega. Nyuma yao lilikuja jingine limejaa muhogo mbichi, nalo lilikwama.

Kiwanda kilikuwa kama Adventina alivyokijua, ila hapa kilikuwa kimesimama wima. Paa lilimetameta. Kuta zilikuwa za moto hata mijusi hawakukaa juu yake. Wafanyakazi waliotoka kula walikuwa wamebanana chini ya mparachichi wa jirani, upande wa pili wa barabara. Uani palilala lundo la muhogo uliochelewa, na harufu yake ilimpokea kabla ya mlinzi.

Alipovuka geti, kivuli chake mwenyewe kilimtoka miguuni. Alijua kimetangulia nyumbani, akaendelea.

Fredi alimpokea vizuri. Alimpa kiti karibu na dirisha na kumwuliza habari za mzee. Alisema kampuni haikuwasahau, ila lazima aelewe.

"Bon, dada, umeme iko hapa. Lami iko hapa. Ministeri iko hapa. Mi nipeleke mashine kule ikule nini, majani?"

Adventina akasema anaelewa. Akasema pia kwamba mashine, hata hapa, ilikuwa haili. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatazama uani.

Fredi akafuta jasho. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea habari za bomba lililoziba, kwamba lile jambo la kivuli wanalijua. Wafanyakazi wanaugua vichwa, unga unapata joto ghalani. Kampuni ilikwisha omba kivuli kirudishwe, haikujibiwa, kwa sababu haikujua imwombe nani. Kama familia inaweza kukirudisha, kampuni itafikiria.

Adventina akakiweka kibuyu mezani, akautia mrija.

"Bwana Fredi, baba yangu alikunywa sehemu yako bila kujua," alisema. "Nimekuletea nyingine. Ukinywa, shamba ni lenu, lakini mtuletee kiwanda pale kilipo kivuli chake. Usipokunywa, tufungulieni waya tulime. Nakuomba uchague."

Fredi alikitazama kibuyu. Alinyoosha mkono, akaugusa mrija, akaurudisha mkono. Simu ikalia. Akasema dakika moja, akatoka nayo uani, akatembea juani akiongea, huku mlinzi akimfuata na mwavuli.

Adventina alingoja. Kungoja alikuwa anakujua. Kambini alizaliwa katika foleni, mama yake husema. Alingoja mpaka mashine iliyokuwa haisagi ikazimwa, na mlinzi akaja na funguo kumwambia kwa upole kwamba bosi ameshapanda pikipiki. Adventina akakisogeza kibuyu dirishani, mahali pasipo na hatari ya kuangushwa, akatoka. Getini kivuli chake hakikumrudia, kwani jua lilikuwa limekwisha zama. Alikikuta Giteranyi, kikimngoja kando ya mlango.

Nyumbani hakuulizwa habari za safari. Walikuwa wameziona. Baba yake alikitambua kivuli chake kilipoingia kiwandani, kwa fundo la kilemba. Wanawake waliacha kugeuza muhogo wakakaa mbele ya dirisha la ofisi, ndani ya kivuli, wakatazama mkono ukinyooshwa na mkono ukirudishwa. Imelda anashikilia kwamba yule bwana aliinama akalowesha midomo. Wengine wote wanasema hakunywa. Kastori, alipoletewa shauri hilo, alisema kitu kisichonywewa na kisichomwagwa hakijakataliwa.

Waya haujafunguliwa. Kibao kipo, ingawa jina la kampuni limeanza kufifia kwa mvua. Malori bado yanakuja, yanakwama, yanavutwa. Lakini mikeka imekuwa mingi mpaka kivuli cha ghala nacho kimetandazwa, na Ketsia amemleta mwenzake mwenye lori dogo lisilokwama, na Nazario siku hizi anaingia kwa hodi kama wengine, anakaa juu ya udongo wake akipanga nini kitapandwa wapi.

Kibuyu kipo palepale dirishani, kivuli chake kimesimama na mrija wake. Kila asubuhi kivuli cha Fredi kinakuja, kinavuta kiti, kinakaa kikikielekea. Adventina hutandaza mkeka wake chini ya dirisha hilo. Hukisalimu, kisha hukiuliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwuliza jirani kama ameamka salama:

"Bwana Fredi, unakunywa, au unafungua waya?"

Hungoja kidogo, kama adabu inavyotaka. Kisha huinama na kuanza kuugeuza muhogo.