Mama Aliyekwenda Kugomba

Fundi cherehani mmoja alikuwa na binti wa darasa la tatu. Majirani walimwita Kasuku, maana akitoka shule huanza kuhadithia mlangoni hata viatu hajavua.

Siku moja alirudi kashika sikio la kushoto. "Mama, mwalimu wa hesabu kanizaba kofi. Eti nimecheka. Wallahi si mimi niliyecheka!"

Damu ikamchemka fundi. Akaacha kitambaa chini ya sindano, akamshika mtoto mkono, hao shuleni. Njia nzima anayapanga maneno yake: "Nitamwambia, mimi sikuzaa ngoma, nilizaa mtu!" Kasuku anamfuata mbio mbio, kichwa juu, kama anakwenda harusini.

Mwalimu alikuwa ofisini anasahihisha madaftari. Alipomwona akainuka.

"Aa, fundi wetu! Karibu, karibu. Nilikuwa nakuwaza wewe tu."

"Asante, mwalimu," akasema fundi, akajisikia anacheka. Ndiyo tabia yake: akikasirika mbele ya mtu mwenye kalamu mkononi, meno yanatoka nje yenyewe.

"Binti yako huyu ana mdomo, mama."

"Ana mdomo kweli! Mkazieni tu, mwalimu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzaa, walezi ni nyinyi."

Mwalimu akavuta droo, akatoa suruali. "Basi nipunguzie hapa chini, vidole viwili hivi."

Fundi akaipokea. Akaipokea kwa mikono miwili, na asante juu.

Kurudi, Kasuku hakukimbia. Jioni alikaa kwenye kigoda anamtazama mama yake akiishona ile suruali, wala hakusema kitu. Wala kesho yake. Fundi akaona heri, akamwambia jirani, "Afadhali, lile kofi limemtuliza."

Mwenzangu, mtoto msemaji akinyamaza ghafla usishukuru. Mchunguze.

Wiki ya tatu, fundi akifua, akaona upande wa chini wa mto wa mtoto una doa la njano linalonuka. Kumbe kila asubuhi Kasuku alikuwa anaugeuza. Wakaenda hospitali. Daktari akamulika ndani ya sikio, akatikisa kichwa.

"Ngoma ya sikio imetoboka, na usaha umekaa siku nyingi. Tutalisafisha, dawa nitampa, lakini kusikia kama zamani siwezi kukuahidi. Mngekuja mapema, mama."

Nje, kwenye benchi, fundi akamgeukia mwanawe. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikwambia." Kasuku aliangalia vidole vya miguu yake. "Ukaenda kuchukua suruali."

Kesho yake fundi alikwenda shule bila kupanga neno. Alimkuta mwalimu mbele ya wenzake wote, na mwalimu mkuu yupo.

"Mwalimu, ulimpiga mwanangu, na sikio lake halisikii. Ulikosea. Nataka mkuu asikie, na iandikwe."

Kamasi na machozi vilichanganyika, lakini hakucheka.

Mwalimu akawatazama wenzake. "Lakini mama, siku ile si tulicheka pamoja? Ungesema hata neno moja..."

"Ningesema. Kosa langu hilo, nalibeba. La kwako ni lako."

Mwalimu mkuu akafungua kitabu, akaandika, akamtaka mwalimu aombe radhi. Akaomba. Hata sauti yake ilikuwa imepungua.

Nyumbani fundi alimhadithia Kasuku yote, neno kwa neno, hata kamasi hakuzificha. Mtoto akasikiliza kageuza upande wa kulia, akasema, "Haya, mama," akachukua daftari lake.

"Na leo shule kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu."

Huu mwezi wa nne sasa. Kila jioni fundi anasimamisha cherehani, anauliza, anangoja. Jana mtoto alifungua mdomo, akamtazama mama yake kwa muda, kisha akaufunga.