Ukuta wa Mkwe

Ulimi wa Mama Mapipa ulikuwa haujapata kumwogopa mtu. Wanunuzi wa mvinyo wake aliwaambia wazi kwamba vinywa vyao vimezoea soda, na hata daktari wa meno aliambiwa aanze na meno yake mwenyewe. Mbele ya mtu mmoja tu ulimi huo ulijikunja ukalala: mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, fundi mwashi mwenye viganja kama sahani.

Na si bure. Kijana alipokuja kuposa, Mama Mapipa ndiye aliyemkataa mchana kweupe. "Mtu wa mawe atanifaa nini mimi mtu wa zabibu?" Binti akalia, akasusa kula, hatimaye akaolewa hivyo hivyo. Fundi hakuweka kinyongo. Ndoa haijatimiza mwaka, akaja na mawe yake akajenga ukuta chini kabisa ya shamba, bila kulipwa, siku zake za mapumziko, ili mbuzi wa majirani wasile tena mizabibu ya mama mkwe. Ukuta ulikuwa mzuri, haki yake tumpe: umenyooka, umekaa, hata kidole hakipenyi. Mama Mapipa alishukuru mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo wakawa wanaheshimiana kupita kiasi, kila mmoja akichunga asimkwaze mwenzake, mpaka binti akachoka kukaa nao meza moja.

Sasa sikia balaa lenyewe. Shamba lilikuwa la mteremko. Juu ni kokoto tupu. Jua la kutwa linajificha ndani ya mawe, mizizi inahangaika kutafuta maji, na mvinyo wa huko ulitoka mzito, mweusi, wa kumfanya mtu aongee kwa sauti. Chini ni udongo mweusi unaoshika unyevu. Kila alfajiri baridi huteremka kutoka juu kama maji, hupita katikati ya mistari ya mizabibu, ikaingia bondeni ikaenda zake. Kule kupita tu ndiko kulikozipa zabibu za chini harufu yake. Mvinyo wake ulikuwa mwepesi na wa kunukia, na ndio ulioleta watu kutoka mbali. Wa juu waliununua wakikuta wa chini umekwisha.

Ukuta uliposimama, baridi ikakosa pa kupitia. Ikafika, ikagonga mawe, ikakaa kitako. Machipukizi ya chini yakaungua, zabibu zilizosalia zikagoma kuiva, na mvinyo ukatoka mchachu wa kukunja uso. Mama Mapipa alielewa kwa funda la kwanza. Msimu mwingine wa namna hiyo, na mizabibu aliyoipanda na marehemu mumewe ingekufa. Akisema, atamvunja moyo mkwe. Akinyamaza, atazika mizabibu.

"Mwambie wewe, ni mumeo," alimsihi binti yake.

"Thubutu! Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja."

Basi akajaribu njia ya kuzunguka. Jumapili akamwita fundi kwenye chumba cha mapipa, akamwekea glasi mbili: mvinyo wa chini wa kabla ya ukuta, na wa baada ya ukuta. Fundi akanywa ya kwanza, akatabasamu. Akanywa ya pili, jicho moja likafumba lenyewe.

"Hii ya pili, mama, ina nguvu," alisema kwa adabu.

"Sema tu, baba."

"Imenuna kidogo."

"Ni baridi. Siku hizi baridi inakaa kule chini."

Hapo ndipo angemalizia. Maneno yalimfika kooni, yakageuza njia. "Hali ya hewa yenyewe ndiyo hivyo tena," akasema, akajichukia papo hapo.

Fundi alifikiri, kisha uso ukamng'aa. "Mbona dawa ninayo? Ukuta ni mfupi. Nitaupandisha ufike kimo cha mtu, baridi isiingie kabisa. Kesho asubuhi naleta mawe."

Mama Mapipa alitafuta pipa la karibu akakaa. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba maradhi yenyewe yatakuja kuongezewa urefu.

Kulipopambazuka fundi alikuta mama mkwe yuko katikati ya mteremko, amewasha rundo la majani mabichi. Moshi haukupanda. Uliteremka na ile baridi polepole juu ya ardhi, ukapita kati ya mizabibu, ukafika ukutani na kusimama. Ukajaa. Ukawafika magotini, mweupe na baridi, ukatulia pale. Fundi aliutazama moshi, akautazama ukuta, akayaweka chini mawe aliyobeba.

"Umejua tangu lini, mama?"

"Tangu nilipoonja."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Wewe ni mkwe wangu."

"Na angekuwa mtoto wako wa kumzaa ndiye aliyejenga?"

"Mtoto wangu? Ningemfokea mpaka majirani watoke nje."

Fundi alishusha pumzi. Macho yalikuwa yamemwiva, na si kwa moshi. "Basi nifokee, mama," akasema.

Mama Mapipa alianza taratibu, akijaribu kama mtu anayekanyaga tope. "Wewe, nani alikutuma kuziba bonde?" Kisha sauti ikapata miguu. "Huna mdomo wa kuuliza? Umeona wapi mtu anajenga chini ya mteremko bila kuacha hata tundu? Umeniulia zabibu zangu, bwege wee, halafu unataka kuongeza!" Mwaka mzima wa heshima ulimtoka kwa mkupuo. Jirani akafungua dirisha. Binti akaja mbio, mwiko mkononi, akidhani kuna msiba. Akamkuta mama yake anatikisa kidole, na mumewe amesimama ndani ya moshi, kichwa ameinamisha, anatabasamu kama ambavyo hakuwahi kutabasamu hata siku ya harusi.

"Na ukishabomoa," Mama Mapipa alimalizia, sauti imemkauka, "upite jikoni unywe chai, mjinga mkubwa wewe."

"Sawa, mama," alisema fundi, akaenda kutafuta nyundo.