Mvuto Usiokuwepo

Profesa alijipatia jina kwa jambo moja: chembe zinazopendana. Zilikuwa chembe za plastiki, ndogo kuliko vumbi, zikielea majini, zote zenye chaji ya aina moja. Zilipaswa kukimbiana. Lakini yeye na mwanafunzi wake, dada mkimya ambaye maabara nzima ilimwita Hadubini, walipima umbali kati ya kila chembe na mwenzake katika maelfu ya picha, na mchoro wa umbali huo ukainua kilima mahali pasipostahili kuwa na kitu. Chembe zilikuwa zikikaribiana.

"Zimetuzidi utu," Profesa alizoea kuwatania wageni.

Sasa alikuwa hoi kitandani, figo zimegoma. Na Hadubini, alipokuwa akikagua lenzi yao, alibandika chembe mbili kwenye kioo kwa umbali alioujua, zisiweze kusogea. Ukungu wa picha zao ukaingiliana, na kompyuta ikadai ziko karibu kuliko zilivyo. Alipoliondoa kosa hilo kwenye picha za zamani, kilima kikayeyuka.

Akaenda kumwambia. Mke wa Profesa, aliyemtunza kama bintiye miaka yote ya masomo, akamsogezea kiti.

"Mzee, ule mvuto haupo. Ni ukungu wa lenzi."

Profesa akatazama dari. "Rudia."

"Nimerudia."

"Rudia tena, mwanangu. Kwa maji mapya."

Akarudia kwa maji mapya, kwa chembe mpya, hata kwa hadubini ya chuo jirani. Kila alipoliondoa kosa la ukungu, kilima hakikurudi. Alipokwenda tena, mke alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Amelala, Mama?"

"Yu macho. Amesema hataki kukuona." Akashusha sauti. "Ungesubiri tu. Kwani hukuona hali yake?"

"Kuna watu wanajenga kazi zao juu ya kosa letu."

"Na mimi namwogesha mtu ambaye tangu ulipokuja hasemi na yeyote."

Makala ya kulisahihisha kosa hilo Hadubini aliituma kwa jarida wiki ileile, moyo mzito kama jiwe.

Profesa alizikwa kabla haijatoka. Mazishini mkuu wa chuo aliusifu ule mvuto kwa maneno mazuri, watu wakaitikia kwa vichwa. Hadubini alipofika kutoa pole, mjane alimruka, akamkumbatia jirani aliyekuwa nyuma yake.

Makala ilipochapishwa, hakuna aliyemwandikia, si wa kumpongeza wala wa kumlaumu. Aliendelea kwenda maabara kila asubuhi, na kazi ikawa haina ladha.