Kipande cha Kuonja

Bosi alizima jokofu la mkahawa usiku kubana umeme, na samaki wakaharibika. Si wote, alisema. Asubuhi alifunua kreti, akakunja uso, akamwita mpishi.

"Bi Pwani, hebu njoo. Hawa wanafaa?"

Mpishi alimbonyeza nguru kwa kidole. Nyama ilibonyea, haikurudi.

"Hawafai, bosi."

"Nyie watu wa pwani mnadeka. Huku bara nani anajua samaki wa jana na wa juzi? Tia ndimu, tia nazi. Mchana nina watu wa harusi, meza zote."

Halafu akasema lile alilosema kila mara. "Kaanga kipande ule. Ikifika saa sita uko mzima, tunapakua."

Ndivyo jiko lile lilivyokwenda: mpishi huonja kabla ya mgeni. Alikwisha kuonja mara nyingi, mara nyingine akatapika, akasukutua, akarudi kwenye moto. Safari hii alikuwa na mimba ya miezi mitano chini ya aproni pana. Mpishi aliyemtangulia alisema asubuhi kwamba ana mimba, jioni hana kazi.

Shangazi, mwosha vyombo, ndiye pekee aliyejua. Alisogea na sufuria mkononi.

"Nipe mimi, mwanangu. Tumbo langu hili hata misumari linasaga."

"Wewe rudi kwenye masufuria yako," bosi alisema. "Kula, Bi Pwani. Au una sababu?"

Mpishi aliivuta aproni mbele.

"Sina."

Akakaanga, akala. Bosi alimwangalia akitafuna mpaka alipomeza.

Kabla ya saa sita alianguka kando ya karai la vitunguu. Walimlaza ndani ya gari la kuletea samaki, wampeleke hospitali, kichwa mapajani mwa Shangazi, maji ya barafu ya jana yakiwalowesha. Bosi alibaki mlangoni.

"Mwaga samaki wote," alimwambia mhudumu. "Wageni waambie leo kuku." Akashusha pumzi. "Afadhali tumejua mapema."

Kuku walipendwa. Bibi harusi aliomba aongezewe. Hakuna mgeni aliyeumwa.

Bosi alipoteza kreti mbili za samaki. Bi Pwani alipoteza mtoto wa kiume, na kazi pia, maana sasa ilijulikana kwamba alikuwa na mimba.